Lipi Zito, Kenge au Nguva?

"Kenge!" alirudia Mama Mapazia, safari hii polepole, kila herufi mahali pake. "Nimesema kenge. Ukitaka nitalisema tena, na wa juu wasikie."

"Wa juu wameshasikia," Fundi Friji alijibu bila kuinua macho. "Hata nyumba ya pili wameshasikia. Na mimi nimesema nguva, na silifuti."

"Usilifute! Nani kakubembeleza ulifute?"

Walikuwa koridoni, na katikati yao lilikuwa limelala friji la Mama Mapazia, chali, bila mlango, kompresa imetolewa na kuwekwa pembeni juu ya gazeti. Lilikuwa limelala hivyo muda mrefu hata wapangaji wakalizoea. Kuna mmoja alishaanza kuanika soksi juu yake. Fundi alikuwa anasubiri kipuri. Mama Mapazia alikuwa anasubiri Fundi. Asubuhi hiyo alitoka chumbani na mkasi mkononi, nyuzi za pazia zimemganda begani, akagonga kidole kwenye ukingo wa friji, na hapo subira ikamwisha.

Alisema, na nyumba nzima inakumbuka neno kwa neno: "Kazi hufanyi! Lakini jioni ukisikia tu mfuniko wa sufuria, huyo! Umeshaingia, ulimi mbele, kama kenge aliyenusa mayai!"

Fundi alimtazama. Mama Mapazia ni mwanamke aliyejaliwa mwili, na alikuwa amesimama mlangoni mwake, mikono kiunoni. Fundi akasema: "Kenge afadhali anapita. Wewe nguva umeziba mlango, hata hewa inaomba njia."

Aliyekuwa anafua aliacha kufua. Aliyekuwa anajifanya kalala aliacha kujifanya. Maana matusi katika nyumba ile yalikuwa kama mvua, yananyesha na kukauka, lakini haya yalikuwa yameangukia sahani, na habari ya sahani kila mtu aliijua.

Ilikuwa hivi. Fundi alipofiwa na mkewe, na wafiwa wenzake wakaondoka na mikeka yao, jioni ya kwanza Mama Mapazia alibisha mlangoni kwake na sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine. Akasema, "Usipomaliza nitajua." Kesho yake hakuleta kitu. Alipaza sauti tu kupitia ukuta: "Sina sahani za kutembeza mimi! Njoo ulie huku!" Fundi akaenda. Kesho yake akaenda. Mwaka ukapita na mwingine ukafuata, anaenda. Alikuwa na kigoda chake karibu na cherehani. Alikuwa anapeleka mkaa, sabuni, taa ikiungua anabadilisha. Watu walinong'ona mwanzoni kama kuna ndoa inapikwa, wakachungulia, wakakuta kunapikwa chakula tu, wakakata tamaa. Waliokula pale walikuwa watatu: Mama Mapazia, mama yake mzazi ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi, na Fundi.

Jioni ya siku ile ya matusi, Fundi alibaki chumbani. Aliwasha jiko, akakaanga mayai. Alipoyatazama kwenye sahani, akaona hicho si chakula cha kuliwa siku kama ile. Akayafunika.

Upande wa pili wa ukuta vijiko vililia.

"Yule kaka yuko wapi leo?" Bibi aliuliza.

"Ana kazi," Mama Mapazia alisema.

"Kazi gani saa hizi?"

"Kazi ya kenge."

"Ah," alisema Bibi. "Basi nipe shingo ya kuku yake."

Fundi alilala kwa chai. Na kesho yake hivyohivyo. Ilipofika siku ya tatu, hakuwa na haja ya kujidanganya tena: alitaka kurudi kwenye kigoda chake. Lakini alitaka kurudi kichwa juu. Yeye aanze kuomba radhi? Yeye aliyeanzwa? Hapana. Aanze yule aliyetukana zaidi.

Na kwa hilo nyumba ile ilikuwa na sheria.

Sheria ilitoka kwa Msusi. Msusi alikuwa mwenyekiti wa nyumba kwa sababu saluni yake ilikuwa chumba cha mbele, na hakuna neno lililoweza kutoka mle ndani bila kupita mbele ya kioo chake. Zamani watu wakitukanana walikuwa wanakaa miezi hawasalimiani, kila mmoja anamngoja mwenzake aanze kuomba radhi. Msusi akachoka. Akaamua hivi: wote wawili wataomba radhi, ila aliyetoa tusi zito ndiye ataanza. Uzito unapimwa saluni, mbele ya watu. Alishaamua kesi nyingi. "Kichwa cha kiberiti" dhidi ya "sura ya pasi," kwa mfano, alimwanzisha wa pasi, akisema kiberiti unaweza kukibeba mfukoni lakini pasi ikikuangukia mguuni unakwenda hospitali. Hakuna aliyekata rufaa.

Fundi alipopeleka shauri lake, Msusi aliacha chanuo lining'inie kwenye nywele za mteja.

"Kenge na nguva?" aliuliza.

"Kenge na nguva."

"Hiyo haijawahi kuletwa." Alifikiri. "Jumapili, watu wakishakula. Kila mtu aje kutetea tusi lake. Atakayeonyesha la kwake ni jepesi, mwenzake ataanza."

Fundi aliondoka na furaha iliyodumu hadi mlangoni kwake. Hapo akakumbuka kwamba hajawahi kumwona nguva. Alilichukua lile neno hewani, kama mtu anavyookota jiwe bila kuangalia rangi. Akapanda juu kwa Baharia, mzee aliyepika melini ujana wake wote na sasa alikuwa anapika uji wake mwenyewe kwa kuulalamikia.

"Shikamoo, mzee. Nguva ni mnyama wa namna gani?"

"Marahaba. Mimi nilikuwa jikoni, mwanangu," Baharia alisema. "Bahari niliiona kupitia tundu, na hilo tundu lilikuwa na mafuta. Lakini nguva nilimwona, mara moja. Alikuwa anakula majani. Akaniangalia kama mtu aliyeingiliwa chakulani."

"Ana ubaya gani?"

"Ubaya? Nguva?" Baharia aliweka mwiko chini. "Kaa, nikueleze."

Jumapili saluni ilijaa. Waliokosa viti walikaa kwenye ndoo, waliokosa ndoo walisimama. Mteja mmoja alikuwa kasukwa nusu ya kichwa. Hakuwa mpangaji na shauri halikumhusu, lakini alikataa kutoka, akasema na nusu kichwa hana pa kwenda. Msusi akamruhusu abaki kwa sharti asichangie.

Mama Mapazia alianza. Alikuwa amevaa gauni la kutokea na uso wa kutokea.

"Mwenyekiti," alisema, "mimi nilimwita huyu bwana kenge. Sikatai. Sasa nauliza, kenge ana nini? Kenge ni mnyama mwenye adabu."

Watu wakacheka. Msusi akagonga meza kwa kopo la mafuta.

"Ndiyo, adabu! Mmewahi kusikia kenge anapiga kelele? Anabweka? Anawika alfajiri watu wamelala? Kenge akikaa, kakaa. Halafu ni mnyama wa kazi zote. Mpe mti, anapanda. Mpe mto, anaogelea, tena akizama huko anakaa mpaka unasema kafa. Mpe ardhi, anachimba. Ngozi ikichakaa anaivua, anaendelea na mambo yake. Ni fundi yule."

Neno lilimtoka kabla hajaliangalia. Akakohoa.

"Anakula mayai," Bibi alisema kutoka kwenye kiti cha kuoshea nywele, alikowekwa kwa sababu kilikuwa na mahali pa kuegemea.

"Mama, wewe ni shahidi wangu."

"Basi anakula mayai kwa adabu."

"Waeleze uliyowahi kuyaona," Mama Mapazia alisema, meno yamebanana.

Bibi akaeleza kwamba zamani alifuga kuku, na kenge alikuwa akija. Siku moja akambana na ufagio kwenye kona ya banda. Kenge akalegea, macho yamegeuka, mdomo wazi, kafa. Bibi akamshika mkia, akamtupa nyuma ya banda, akaenda kunawa mikono. Aliporudi na jembe la kumzikia, marehemu hayupo, na yai moja halipo.

"Hiyo ni sifa au kasoro?" Msusi aliuliza.

"Sijui," Bibi alisema. "Nilikuwa nalilia yai langu, lakini nilicheka siku nzima. Na alirudi. Nikasema, mwache. Mgeni anayejua njia humfukuzi kirahisi."

Mama Mapazia alitazama sakafu yenye nywele. "Ndicho nilichotaka kusema," alimalizia. "Kenge anakaa peke yake, hamsumbui mtu. Ila akipaamini mahali, anarudi palepale. Hilo nalo ni tusi?"

Akaketi. Fundi Friji, aliyekuwa amejiandaa kukasirika, alikuta hasira imemponyoka. Hakuna aliyewahi kumsema vizuri kiasi kile tangu afiwe, na aliyesema alikuwa anajitetea.

"Fundi," Msusi alisema. "Zamu yako. Nguva."

Fundi akasimama. "Nguva ni mnyama mkubwa," alisema.

Saluni yote ikavuta pumzi.

"Angalia unapokanyaga," Msusi alisema.

"Mkubwa kwa sababu ana kazi kubwa," Fundi aliendelea, jasho linamtoka. "Si samaki yule. Ananyonyesha. Ndani ya maji ya chumvi, mawimbi yanakuja, yeye anamnyonyesha mwanawe, titi hasa, kama mama yeyote. Anapanda juu kupumua, anashuka kwa mtoto. Anapanda, anashuka. Kutwa nzima, na hakuna anayemwambia asante. Hamwindi mtu. Hamli mtu. Anakula majani yake chini huko taratibu. Mtoto akiogopa anajibanza mgongoni pake, na mgongo ule ungekuwa mdogo angejibanza wapi? Ukubwa wake si wake peke yake. Ni wa wote wanaojificha nyuma yake."

"Umeyajulia wapi?" Mama Mapazia aliuliza. Sauti ilikuwa ya ukali, lakini ukali wa kazi, si wa moyoni. "Wewe hata bahari hujaiona."

"Baharia kaniambia."

Baharia akainua mkono. "Nathibitisha. Na niongeze, mwenyekiti, wale wa meli za kale walikuwa wakimwona nguva kwa mbali wanadhani ni mwanamke mzuri."

Kukawa na kelele. Msusi akagonga kopo.

"Kwa mbali," alisema.

"Safari zilikuwa ndefu," Baharia alikubali.

"Samahani," alisema yule wa nusu kichwa, "huyu anamtukana au anamposa?"

"Wewe si mpangaji!" Msusi akamgeuza na kiti chake atazame ukuta.

Halafu ikabaki kuamua. Msusi alichukua muda wake. Kwanza alifuata kesi ya pasi: kenge unaweza kumtupa begani ukaenda naye, nguva anahitaji wanaume na kamba, basi nguva ni tusi zito. Fundi akapinga palepale. Uzito wa mnyama si uzito wa tusi, alisema. Tembo ni mzito, lakini mwite mtu tembo na mwite mtu chawa, uone nani atakurukia. Watu wakasema hapo kuna neno. Mama Mapazia akasema chawa hayumo kwenye shauri.

"Haya," Msusi alisema. "Nani hapa amewahi kuitwa kenge? Mkono juu."

Mikono ilipanda yote, hadi wa Bibi.

"Nani anamkumbuka aliyemwita?"

Hakuna mkono ulioshuka. Watu wawili walikuwa wanatazamana.

"Nani amewahi kuitwa nguva?"

Mama Mapazia peke yake.

"Basi," alisema Msusi, na sauti yake ikawa ya hukumu. "Nguva ni tusi geni, halijazoea watu na watu hawajalizoea. Kenge amekomaa. Mtu akiitwa kenge anakwenda nalo maisha yake yote. Kenge ni zito. Mama Mapazia, anza."

Fundi alikuwa ameshinda.

Mama Mapazia akasimama, akanyoosha gauni. "Nilikuita kenge. Samahani."

"Nami nilikuita nguva," Fundi alisema. "Samahani."

Watu wakapiga makofi, wakatoka. Msusi akamgeuza mteja wake kutoka ukutani na kuanza nusu iliyobaki.

Jioni Fundi aliosha mikono kwa sabuni ya unga mpaka grisi ikamtoka kwenye kucha. Akavaa shati lenye vifungo vyote. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akangoja ukuta umwite.

Upande wa pili mfuniko wa sufuria ulilia. Kiti kikavutwa. Redio ikawashwa, Bibi akaanza kuibishia. Vijiko.

Ukuta haukuita.

Aliendelea kukaa. Akairudia hukumu kichwani kama anavyorudia nyaya za friji lililokataa kuwaka ilhali kila kitu kimefungwa sawasawa, na taratibu akaliona tatizo. Sheria ilisema waombane radhi kwa wanyama. Wanyama walikuwa wameombewa radhi, tena kwa heshima kubwa. Lakini lile neno lingine, la ulimi mbele na mfuniko wa sufuria, lile la kwamba anafuata chakula tu, hakuna aliyelileta saluni, si yeye wala Mama Mapazia. Na ndilo lililokuwa linamkaa kooni. Neno kenge angeweza kulimeza. Kilichomkwama ni yale mayai.

Na kama limemkwama yeye, basi mwenzake naye amekaa huko na yake yaliyomkwama, na hawezi kumwita mtu aliyenyamaza kama anayedai haki yake.

Akasimama. Akatembea koridoni, akilizunguka friji. Akasimama mlangoni kwa Mama Mapazia, pazia limeshushwa, pazia zuri la kazi yake mwenyewe.

"Hodi."

"Kikao kilishakwisha," Mama Mapazia alisema kutoka ndani.

"Najua. Nilishinda."

"Hongera."

Redio ikapunguzwa sauti. Fundi aliweza kuhisi Bibi anasikiliza.

"Sikuja kula," alisema.

"Mtu anakuja saa ya kula, na hakuja kula?"

"Nimeshakula. Nimekula mayai."

Lilimtoka tu. Ndani Bibi alipaliwa, akagongwa mgongoni, akapaliwa tena.

"Sikiliza, dada," Fundi aliliambia pazia. "Mimi nina jiko. Nina sufuria, tena mbili. Kupika najua, si sana, lakini sijafa. Kama ingekuwa chakula, ningepika nikala nikalala. Mimi nilikuwa nafuata makelele. Kule kwangu jua likizama hata mlango ukilia nafurahi. Huku Bibi anagombana na redio, wewe unagombana na Bibi, wote wawili mnagombana na mimi, tonge linashuka lenyewe. Ukaniambia nafuata sufuria. Nikaona aibu, nikatafuta kitu kikubwa cha kukupiga nacho."

"Ukapata nguva."

"Ndiye aliyekuwa karibu."

Pazia likafunguka. Mama Mapazia alikuwa ameshavua gauni la kutokea, yuko na kanga ya jikoni na kijiko mkononi.

"Na mimi nilitafuta kitu," alisema. "Friji limenikera, sawa, lakini friji haliumi mtu. Nilitaka kuuma. Nikasema, huyu nimguse wapi alie? Nikagusa sahani." Alitazama kijiko. "Sijawahi kuhesabu matonge yako hata siku moja. Hilo Msusi hakunihukumu, basi najihukumu mwenyewe. Nisamehe, kaka."

"Yamekwisha."

"Usiseme yamekwisha haraka hivyo, nimekaa nayo tangu mchana."

"Basi hayajaisha."

"Sasa hivi ndiyo yamekwisha," alisema Mama Mapazia, akapangusa jicho kwa kifundo cha mkono kama aliyeingiwa na moshi.

"Nyie!" Bibi aliita kutoka ndani. "Mtu mmoja nje, mtu mmoja mlangoni, na mimi huku nakula peke yangu kama niko wodini. Wali unaganda. Kuna mtu anaingia au niwamalizie?"

Mama Mapazia akashika pazia, akalikunja juu ya bega.

"Nimeona umenawa," alimwambia Fundi. "Nawa tena. Halafu ingia, ule."